Wakuu wa wauguzi wasio na pa kusomea: kisa cha New York, 1899

Mwaka 1890 Marekani ilikuwa na vyuo vya uuguzi 35. Mwaka 1900 vilikuwa 432. Kila kimoja kilihitaji mkuu wa wauguzi, na nchi nzima haikuwa na mahali ambapo mtu angekwenda kusomea kazi hiyo. Hospitali ikishaamua kufungua chuo, ilimtafuta mhitimu wa chuo chenye sifa na kumkabidhi funguo. Jana alikuwa anashika zamu wodini. Leo anaajiri, anafundisha, anapanga rosta ya jengo zima, anahesabu mashuka na sabuni, na mwisho wa mwezi anasimama mbele ya bodi ya wadhamini kueleza matumizi.

Nafundisha wauguzi wanaosoma shahada ya uzamili ya uongozi, na kila mwaka naanza na kisa hiki. Wengi wa wanafunzi wangu walipata cheo kwa njia ileile: waliuguza vizuri, wakakaa miaka mingi, siku moja ikaja barua. Hata mimi. Nilikabidhiwa wodi ya wanawake katika hospitali moja ya mkoa, na wiki ya kwanza nikaletewa karatasi ya bajeti nitie sahihi. Sikuielewa, na nilitia sahihi. Robo mwaka ilipofika nusu, glavu zikaisha. Tangu siku ile najua kwamba muuguzi mzuri anaweza kuwaumiza wagonjwa wake kwa kutojua hesabu, hata kama mkono wake ni mwepesi namna gani kwenye sindano.

Hospitali iliyobebwa na wanafunzi

Kwanza tuelewane juu ya neno "chuo". Florence Nightingale alipoanzisha chuo chake katika hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1860, alikuwa na mfuko uliochangwa na umma kutokana na kazi yake katika vita vya Crimea. Chuo kilifanya kazi ndani ya hospitali lakini kilikuwa na fedha zake. Mwaka 1873 Marekani ilifungua vyuo vitatu kwa kufuata mfano huo, New York, New Haven na Boston. Mfano ulichukuliwa, mfuko haukuchukuliwa. Muda si mrefu vyuo vikamezwa na hospitali, na hospitali nyingine zilipoona faida iliyokuwapo zikafungua vyao kwa kasi ile niliyoitaja.

Faida yenyewe ilikuwa mwanafunzi. Alipewa chumba, chakula, sare na posho ndogo, naye akafanya kazi ya wodi mchana na usiku kwa miaka miwili. Akihitimu aliondoka kwenda kuuguza wagonjwa wenye uwezo majumbani kwao, kwa sababu hospitali haikuwa na haja ya kumlipa mhitimu wakati mwanafunzi mpya yuko mlangoni. Tena hospitali nyingi hazikungoja ahitimu. Zilimtuma kuuguza katika nyumba za watu angali mwanafunzi, na malipo yakaingia hospitalini.

Kwa hiyo mkuu wa wauguzi alikuwa na kazi mbili zinazovutana. Kama mwalimu alitaka wanafunzi wakae darasani. Kama msimamizi wa nguvukazi alitaka wawe wodini. Wodi ikifurika, somo liliahirishwa, na wala hapakuwa na mtu wa kuandika hasara hiyo popote, kwa kuwa somo lenyewe halikuwa na fungu kwenye vitabu vya hospitali. Yeyote aliyepita chuo cha uuguzi kwetu na kuitwa kuziba pengo la zamu wiki ya mtihani anaijua hali hiyo bila kuelezwa zaidi.

Aliyelisema jambo hili hadharani ni Isabel Hampton, Mkanada aliyesomea hospitali ya Bellevue, New York, akaongoza chuo cha uuguzi cha Illinois kule Chicago, kisha mwaka 1889 akawa mkuu wa kwanza wa chuo cha uuguzi cha hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Mwaka 1893, Chicago ilipokuwa na maonyesho makubwa ya dunia, aliwakusanya wakuu wenzake waliofika kwenye mkutano uliofanyika sambamba nayo, akawasomea mada juu ya viwango vya elimu ya uuguzi. Hapo ndipo kilipozaliwa chama cha wakuu wa vyuo vya uuguzi vya Marekani na Kanada. Kabla ya hapo kila mmoja alikuwa amejifunza uongozi peke yake kwa kukosea, na makosa yale yaliwaangukia wagonjwa na wasichana waliokuwa chini yake.

Mwaka uliofuata Hampton aliolewa na Dkt. Hunter Robb na kuacha kazi, kama desturi ya wakati ule ilivyomtaka mwanamke. Johns Hopkins ikabaki mikononi mwa Adelaide Nutting, Mkanada mwenzake na mwanafunzi wake wa darasa la kwanza kabisa.

Naomba tukae kidogo kwa Nutting, maana bila yeye kisa hiki kingekuwa cha mikutano mitupu. Mwaka 1896 aliwaletea wenzake katika chama ripoti ya takwimu za saa za kazi katika vyuo vya uuguzi. Alikuwa amekusanya taarifa chuo baada ya chuo: mwanafunzi anaingia saa ngapi, anatoka saa ngapi, usiku anakaa wodini muda gani. Uchovu wa wanafunzi ulikuwa unajulikana kwa kila mtu, ila haukuwa umewahi kuandikwa kwa namna inayomlazimisha mdhamini kujibu. Ukimwambia mwenye fedha kwamba wasichana wanachoka, atakuonea huruma na kufunga kikao. Ukimwekea mezani saa za wanafunzi wake karibu na saa za vyuo vingine, atatafuta maelezo. Nutting mwenyewe aliongeza mafunzo ya Johns Hopkins kuwa miaka mitatu na kushusha siku ya kazi hadi saa nane. Kazi hii ya kuhesabu ndiyo ninayowataka wanafunzi wangu waione kabla ya jambo lingine lolote. Alikuwa kiongozi wa mfumo kabla hajapata darasa la kumfundisha kuwa hivyo, na alijua upungufu wake, ndiyo maana alikuwa mstari wa mbele kulidai darasa hilo.

Kwa nini chuo cha walimu

Mwaka 1898 Hampton, ambaye sasa aliitwa Isabel Robb na hakuwa na wadhifa wowote hospitalini, alilipeleka suala hili kwenye mkutano wa chama: wakuu waandaliwe wapi? Ukiyatazama mazingira yao unaona njia tatu. Hospitali moja kubwa ingeanzisha darasa la wakuu. Chama kingejenga chuo chake. Au wangekwenda kugonga mlango wa chuo kikuu.

Njia ya kwanza ndiyo iliyokuwa karibu na ndiyo mbaya kuliko zote. Muuguzi angerudi kusoma mahali ambapo kila kengele ikilia yeye ni mikono miwili ya ziada. Ya pili ilihitaji fedha na jengo, na chama hakikuwa na kimojawapo. Ikabaki ya tatu, na wakaenda Teachers College, chuo cha walimu cha New York kilichokuwa kimeunganishwa na Chuo Kikuu cha Columbia mwaka huohuo wa 1898. Mkuu wake, James Earl Russell, akakubali.

Chuo kile kilikuwa na historia iliyowafaa. Mizizi yake ni juhudi za Grace Dodge za kuwafundisha wasichana wa familia maskini kazi za nyumbani, juhudi zilizokua hadi kuwa chuo cha walimu mwaka 1887. Kilipokea wanawake, kilikuwa na sayansi kimu, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kuwaandaa watu watakaofundisha wengine. Robb na wenzake walimwona mkuu wa wauguzi kuwa mwalimu kwanza, na mimi nakubaliana nao. Hata hivyo udhaifu wa mpango wote ulianzia papo hapo.

Kozi ilifunguliwa Oktoba 1899 na wanafunzi wawili. Iliitwa Uchumi wa Hospitali. Msomaji wa leo akisikia jina hilo anafikiria bajeti, bima na mikataba ya wazabuni. Mahali pale na wakati ule, uchumi ulikuwa na maana ya kuiendesha nyumba vizuri: chakula, usafi, watumishi, matumizi. Hospitali ilionekana kama nyumba kubwa, na mkuu wa wauguzi kama mama mwenye nyumba. Wanafunzi walichukua saikolojia, biolojia na masomo ya sayansi kimu pamoja na wanafunzi wengine wa chuo, na masomo ya hospitali yenyewe yakafundishwa na wakuu wa wauguzi waliokuja kwa zamu. Nutting alikuwa akisafiri kutoka Baltimore kuja kufundisha. Chama kiliahidi kuchangia gharama, maana yake wanawake waliokwisha kuhangaika bila elimu hii walitoa fedha zao ili wanaokuja nyuma waipate. Sijui sababu nyingine ya kutosha ya kuwaheshimu zaidi ya hiyo.

Mwaka huohuo wa 1899, London, ndipo lilipoanzishwa Baraza la Kimataifa la Wauguzi. Miaka zaidi ya 80 baadaye, mwaka 1981, baraza hilo lilimpata rais wake wa kwanza kutoka Afrika, Eunice Muringo Kiereini wa Kenya, aliyekuwa muuguzi mkuu wa nchi yake. Nalitaja baraza hilo kwa sababu wapo wanaodhani habari za 1899 ni za watu wengine.

Elimu moja, matokeo tofauti

Swali ninaloliuliza darasani ni hili: waliosoma kozi ile walirudi wakafanya nini? Jibu halifanani kwa wote, na katika tofauti hizo ndimo mafunzo ya kisa yamo.

Wapo waliorudi kuongoza vyuo vya hospitali. Walirudi na mitaala bora, wakajua kupanga masomo, wakajua kwa nini mwanafunzi asomeshwe sayansi kabla ya kutiwa wodini. Waliikuta bodi ileile. Wanafunzi walikuwa bado ndio nguvukazi, na fedha za chuo bado zilikuwa ndani ya mfuko wa hospitali. Mwaka 1912 serikali ya Marekani ilichapisha ripoti ya Nutting kuhusu hali ya elimu ya uuguzi, na mwaka 1923 ikatoka ripoti ya kamati ambayo katibu wake alikuwa Josephine Goldmark, iliyogharamiwa na mfuko wa Rockefeller. Zote mbili zilikuwa bado zinalilia jambo moja, kwamba mahitaji ya hospitali yanaila elimu. Kufikia 1923 kozi ya New York ilikuwa na miaka 24. Haiwezekani kusema wahitimu wake walikuwa wachache mno au wazembe. Walifundishwa kuendesha nyumba ambayo hawakuwa na sauti juu ya mapato yake.

Sasa mtazame Anna Alline. Alikuwa mmoja wa wanafunzi wale wawili wa mwanzo. Alipomaliza alibaki kuisimamia kozi, na mwaka 1906 akawa mkaguzi wa vyuo vya uuguzi vya jimbo la New York. Miaka mitatu kabla, 1903, jimbo lilikuwa limepitisha sheria ya usajili wa wauguzi. Ili mhitimu asajiliwe, ilibidi awe ametoka chuo kinachotambuliwa na jimbo. Alline alipoingia getini, mkuu wa hospitali alikuwa na sababu ya kumsikiliza: chuo kisipotambuliwa wahitimu wake hawasajiliwi, na wasichana wangekwenda kwingine. Hakuwa amesoma zaidi ya wenzake. Alikuwa amesimama mahali ambapo elimu yake ilikuwa na meno.

Nutting naye anathibitisha jambo hilo kwa upande mwingine. Akiwa Johns Hopkins alitafuta kwa miaka mfuko wa kukipa chuo uhuru wake, hakuupata. Mwaka 1907 alihamia Teachers College, akawa muuguzi wa kwanza duniani kuwa profesa wa chuo kikuu. Mwaka 1910 tajiri mmoja, Helen Hartley Jenkins, kwa ushawishi wa Lillian Wald, muuguzi aliyeanzisha huduma ya afya majumbani kwa maskini wa mtaa wa Henry, New York, alitoa fedha za kuwa mtaji wa kudumu. Idara ya Uuguzi na Afya ikazaliwa, na wauguzi wa afya ya jamii wakapata darasa pamoja na wakuu wa hospitali. Mtu ni yuleyule, na akili ni ileile. Mara tu fedha zilipokuwa za idara yake mwenyewe, alijenga kitu ambacho Baltimore hakikuwezekana.

Robb hakukiona kikikua. Aprili ya mwaka huohuo wa 1910 alifariki Cleveland, akiwa amebanwa kati ya tramu mbili barabarani. Alikuwa na miaka takriban 50.

Mhitimu wa 1931

Ningeweza kuishia 1910, na wengi wanaosimulia historia hii huishia hapo. Mimi siridhiki, kwa kuwa wakati huo elimu hii ilikuwa haijawafikia wauguzi Weusi wa Marekani ila kwa bahati. Vyuo vingi vya hospitali viliwafungia mlango, na mwaka 1908 walilazimika kuunda chama chao.

Estelle Massey, ambaye baadaye alijulikana kama Estelle Massey Osborne, alihitimu uuguzi St. Louis mwaka 1923, katika hospitali ya jiji iliyotengewa watu Weusi. Alifanya kazi huko akawaona wauguzi wazungu wakipandishwa vyeo yeye akiachwa. Akaondoka. Mfuko wa Julius Rosenwald ukamlipia masomo Teachers College, katika idara ileile ya Nutting, akapata shahada ya kwanza mwaka 1930 na ya uzamili mwaka 1931. Ndiye muuguzi Mweusi wa kwanza wa Marekani kupata shahada ya uzamili.

Baada ya hapo? Aliongoza chama cha wauguzi Weusi kuanzia 1934 hadi 1939, akafundisha, akarudi St. Louis kuongoza wauguzi wa hospitali ya Homer G. Phillips. Kazi zote hizi ni kubwa, na zote zilikuwa ndani ya ukuta uliojengwa kuwatenga. Ukuta ulianza kusogea mwaka 1943. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimeleta uhaba wa wauguzi, na Bunge la Marekani likapitisha sheria ya Bolton iliyotoa fedha za shirikisho kwa vyuo vya uuguzi kwa sharti kwamba hapatakuwa na ubaguzi wa rangi katika mpango huo. Mwaka huohuo Osborne akateuliwa kuwa mshauri katika Baraza la Taifa la Uuguzi la Huduma za Vita. Akawa anakwenda kuzungumza na vyuo, akiwa na hoja, takwimu, na sasa fedha za serikali upande wake. Vyuo vilivyopokea wanafunzi Weusi vikaongezeka. Januari 1945 jeshi la majini la Marekani likaondoa marufuku yake dhidi ya wauguzi Weusi. Mwaka 1948 Osborne akachaguliwa kuingia bodi ya Chama cha Wauguzi cha Marekani, Mweusi wa kwanza kufika hapo.

Kati ya 1931 na 1943 shahada yake haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba fedha zilikuja na sharti. Wapo wanafunzi wangu ambao hapa huhitimisha kwamba basi masomo hayana maana, cha maana ni sheria na fedha. Nawapinga kwa nguvu zote. Sheria ya Bolton ingepita mikononi mwa watu wasiojua chuo cha uuguzi kinaendeshwaje, na kila mkuu wa chuo angekuwa na kisingizio cha kutosha: hatuna mabweni, hatuna wakufunzi, wagonjwa hawatakubali. Ilihitajika mtu anayeweza kujibu kisingizio kimoja kimoja kwa lugha ya mwenye chuo. Osborne alikuwa amejiandaa kwa miaka 12 kabla mlango haujafunguliwa.

Ninachokitafuta kwa wanafunzi

Programu nyingi za uzamili ninazozijua zimebeba urithi wa 1899 bila kujua. Zina masomo mazuri ya nadharia za uongozi, mawasiliano, utafiti, usimamizi wa mabadiliko. Ukimwuliza mhitimu fungu la dawa la hospitali yake linaamuliwa na nani, mwezi gani, kwa karatasi gani, ananyamaza. Na waajiri wao hawamsaidii: wanampa ruhusa ya masomo, akirudi wanamrudisha kwenye kiti kilekile chenye mamlaka yaleyale, kisha wanauliza mbona hakuna kilichobadilika. Ningekuwa na uwezo, muuguzi asingeruhusiwa kwenda kusoma uongozi mpaka mwajiri aandike ni kikao gani ataingia akirudi, na akiwa na kura au hana.

Kwa sababu sina uwezo huo, nafanya lililo ndani ya uwezo wangu. Wiki ya kwanza, baada ya kusoma kisa hiki, kila mwanafunzi anachukua karatasi na kuigawa safu mbili. Kushoto anaandika mambo ambayo wadhifa wake wa sasa unamruhusu kuyabadilisha bila kuomba ruhusa. Kulia anaandika mambo yanayowaumiza wagonjwa wake zaidi. Wengi huanza kushoto kwa rosta. Kulia, kwa wengi haohao, la kwanza ni idadi ya majina yaliyomo kwenye rosta hiyo. Kisha tunachukua majina matatu, Alline, Nutting na Osborne, na tunaanza kutafuta ni nini hasa kingelihamisha jambo moja tu kutoka safu ya kulia kwenda ya kushoto, nani anayekishika, na takwimu zipi ziwekwe mezani kwake. Kazi hiyo hutuchukua muhula mzima.